Kutafuta na kurekebisha hitilafu za mfumo wa petroli kwenye MGB

MGB, gari la michezo la Kiingereza, ikianza kukosa nguvu barabarani, cha kwanza kulaumiwa huwa kabureta. Boneti inafunguliwa, spana inazungushwa kwenye nati za mchanganyiko wa petroli na hewa, na baada ya nusu saa gari lililokuwa na tatizo moja lina matatizo mawili. Kabureta za SU (jina la mtengenezaji) zina sehemu chache zinazosogea, na zinachakaa taratibu kwa miaka. Si kawaida yake kuharibika ghafla kati ya jana na leo. Kinachobadilika ghafla ni petroli kutofika, au kufika kupita kiasi. Kwa hiyo fuata njia inayopita petroli yenyewe: tangi, bomba, pampu, chujio, boya linalodhibiti kiwango cha petroli kwenye kabureta, na mwisho jeti, tundu linalopitisha petroli kwenda injini. Mchanganyiko uguse ukiwa umeshathibitisha kwamba kila kitu nyuma yake ni kizima.

Magari yanayohusika

MGB ilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, ikiwa na injini ya cc 1798. Magari ya miaka ya mwanzo yana kabureta mbili za SU HS4, ambazo chemba ya boya iko ubavuni na inaonekana wazi. Ya miaka ya 1970 yana HIF4, ambayo boya lake limefichwa chini ya kabureta yenyewe. Yaliyopelekwa soko la Marekani kuanzia 1975 yana kabureta moja ya Zenith-Stromberg. Wenye hayo watafaidika na maelezo ya tangi na pampu, lakini wasitumie vipimo vya kabureta vilivyomo humu.

Jambo moja la umeme lazima ulijue kabla hujagusa waya: MGB hadi 1967 zilitoka kiwandani zikiwa na chanya ya betri iliyofungwa kwenye bodi, si hasi. Nyingi zimegeuzwa tangu hapo. Angalia nyaya za betri kwa macho yako, kwa sababu pampu mpya za elektroniki zisizo na platini (viungio vinavyofunga na kufungua umeme) huungua zikifungwa kinyume.

Moto

Kwenye injini hii kabureta na ekzosi ziko upande mmoja, kabureta zikiwa juu ya mabomba ya moto. Petroli ikivuja kwenye kabureta, inadondokea karibu na chuma kinachoweza kuiwasha. Hii ndiyo sababu uvujaji mdogo kwenye gari hili si kitu cha kuahirisha hadi wikiendi.

Fanya kazi nje au mahali penye hewa ya kutosha. Usifanyie kazi hii kwenye shimo la gereji, kwani mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutuama chini. Taa ya kazi iwe ya LED iliyofungwa vizuri, si ya balbu ya kioo. Weka kizima moto cha povu au cha unga mahali mkono unapofika. Ondoa waya wa betri kila unapofungua bomba, isipokuwa kwenye vipimo vinavyohitaji pampu ifanye kazi. Gari likiinuliwa nyuma, likae juu ya stendi. Jeki peke yake haitoshi.

Kwanza ondoa shaka ya cheche

Kondensa ya distribyuta inayokufa huleta dalili zinazofanana kabisa na petroli kukatika: gari linakwenda vizuri likiwa baridi, linaanza kumisi likipata joto, kisha linazima. Tofauti iko kwenye namna linavyozima. Cheche ikikatika, injini hufa mara moja kana kwamba umezima ufunguo, na mshale wa mizunguko huweza kurukaruka kabla ya hapo. Petroli ikiisha, injini hudhoofika kwa sekunde kadhaa, inakohoa kupitia kabureta, halafu inazima.

Likizima, usiwashe tena na tena. Ondoa mfuniko wa chemba ya boya ya HS4 moja, skrubu tatu tu, na utazame ndani. Chemba ikiwa imejaa, petroli imefika na tatizo liko mbele: kwenye jeti au kwenye cheche. Ikiwa tupu au ina kina kidogo tu, geukia nyuma ya gari. Uchunguzi huu wa dakika tano hugawa kazi nzima katikati. Kwenye HIF4, ambayo chemba yake haifunguki kirahisi, chomoa mpira wa kuingiza petroli, uelekeze kwenye chupa, washa ufunguo uone kama inatoka.

Sikiliza pampu

Pampu ya SU iko nyuma, karibu na betri ya upande wa kulia. Ndani yake kuna koili ya sumaku, diaframu, na platini ndogo zinazowasha na kukata umeme wa koili. Kila mpigo hutoa mlio wa tak. Mtu aliyezoea kuusikiliza anajua mambo mengi bila kushika spana.

Washa ufunguo bila kuwasha injini. Pampu nzima hupiga haraka kwa sekunde chache, inapunguza kasi chemba za boya zinapojaa, kisha inanyamaza. Baada ya hapo inaweza kupiga tak moja baada ya muda mrefu. Ikipita nusu dakika au zaidi kati ya mpigo na mpigo, hakuna cha kuhangaikia.

Ikipiga mara moja kila sekunde chache huku injini imezima, petroli inatoroka mahali fulani. Angalia kwanza mabomba ya kumwagia yaliyo kwenye mifuniko ya chemba za boya: yakiwa na unyevu, sindano ya boya, ile inayofunga petroli chemba ikijaa, haifungi. Yakiwa makavu na hakuna tone lolote nje, petroli inarudi nyuma kupitia vali ya pampu, mara nyingi kwa sababu ya chembe ya uchafu iliyokaa chini ya kisahani cha vali.

Ikipiga haraka sana bila kupumzika na petroli haifiki, au inafika kidogo, pampu inavuta hewa. Tangi ni tupu, au kuna ufa, mpira uliopasuka au kiungo kilicholegea kati ya tangi na pampu. Uvujaji wa upande huu unadanganya: petroli haitoki nje, hewa ndiyo inayoingia ndani, kwa hiyo chini ya gari panabaki pakavu.

Ikipiga polepole kwa kusuasua na kasha lake linapata joto, inazuiwa kuvuta. Chujio la kuingilia limeziba, bomba limebonyea, au tangi halipumui.

Ikikaa kimya, mambo ni mawili: imekufa, au imesimama kwa sababu imesukuma hadi ikakuta njia imefungwa. Usiamue kabla hujajaribu hivi. Legeza mpira unaoleta petroli kwenye kabureta, ushike kwenye chupa, kisha washa ufunguo. Pampu ikianza kupiga, yenyewe haina kosa. Kilichofungwa ni sindano ya boya iliyonata. Watu wengi wamenunua pampu mpya kwa sababu ya sindano yenye urefu wa kucha.

Ikibaki kimya hata njia ikiwa wazi, chukua mita. Waya mweupe wa pampu uonyeshe umeme karibu sawa na wa betri. Ukikuta volti 10 au chini, tatizo liko kwenye viunganishi vya njiani, ambavyo kwenye gari hili hupigwa na maji ya matairi. Kisha pima waya mweusi: weka ncha moja ya mita kwenye kasha la pampu na nyingine kwenye bodi safi. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti pampu ikiwa inavuta umeme, waya wa bodi una kutu. Kwenye baadhi ya magari ya miaka ya mwisho kuna swichi ya kukata pampu gari linapogonga. Ikague pia, kwani huruka hata kwa mtikisiko wa kawaida.

Umeme ukiwa upo, gonga ncha ya pampu taratibu kwa mpini wa bisibisi. Ikiamka, platini zimechafuka au zimeungua.

Pima kiasi cha petroli

Mlio peke yake hautoshi. Pampu inaweza kupiga vizuri na kutoa nusu ya kinachotakiwa. Chomoa mpira kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa ya lita moja inayoonyesha ndani, na uvue waya wa koili ya cheche. Ufunguo ukikaa umewashwa huku injini imesimama na platini za distribyuta zimefunga, koili hiyo huchemka.

Pampu nzima ya MGB hutoa takriban nusu lita kwa sekunde 30. Ikifika sekunde 40 bado gari litakwenda. Ikipita dakika moja, hapo ndipo gari linapokosa nguvu kwenye mlima na kurudi sawa ukiachia pedali. Acha itoe lita nzima, na uangalie mambo matatu.

Mapovu ya kwanza ni hewa iliyokuwa kwenye mpira na si kitu. Mapovu yasiyokwisha ni hewa inayovutwa kabla ya pampu. Mtiririko unaoanza kwa nguvu kisha unanyauka humaanisha uchafu unavutwa kwenye mdomo wa bomba la tangi, au mfuniko wa tangi haupitishi hewa. Tofautisha kwa kufungua mfuniko: ukisikia hewa ikivutwa ndani na mtiririko ukarudi, umepata. Mfuniko wa magari ya mwanzo una tundu la kupumulia. Magari yenye kopo la mkaa la kunasa mvuke yana mfuniko uliozibwa, na tangi lake hupumua kupitia bomba la kopo hilo. Mtu akibadilisha mfuniko mmoja kwa mwingine, anatengeneza hitilafu ambayo hujitokeza tu baada ya kilomita 30 au 40.

La tatu ni rangi. Acha chupa itulie dakika kumi. Unga mwekundu wa kutu chini yake unakuambia hali ya tangi. Maji hukaa chini ya petroli kama tabaka angavu lenye mpaka unaoonekana.

Tangi

Tangi la MGB liko chini ya sakafu ya buti. Nafasi kati ya sakafu na uso wa juu wa tangi hukusanya matope na unyevu, ndiyo maana tangi hutoboka juu kabla ya kutoboka chini. Dalili yake ni harufu ya petroli na unyevu nyuma ya gari, lakini pale tu tangi linapojazwa hadi juu. Ukiwa na harufu inayokuja ukijaza na kupotea tangi likifika robo tatu, usihangaike na mabomba, shusha tangi.

Kulishusha: toa petroli yote kwanza. Matangi ya mwanzo yana plagi ya kumwagia chini. Mengine inabidi kuyavuta kwa mpira. Ondoa waya wa geji, bomba la kutolea, mpira wa shingo na klipu zake, tegemeza tangi kwa jeki na kipande cha ubao, halafu fungua nati au mikanda inayolishikilia. Nati hizi hushikwa na kutu. Zipulizie mafuta ya kulegeza siku moja kabla.

Tangi lenye kutu ndani linaweza kusafishwa kwa asidi hafifu na kusuuzwa, lakini usiruhusu mtu yeyote alichomelee. Tangi linaloonekana tupu bado lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Kuhusu rangi za kupaka ndani ya tangi, msimamo wetu ni kwamba tangi jipya ni bora. Rangi hizo zikipakwa juu ya kutu ambayo haikutoka yote, hubanduka kwa vipande vyembamba, na vipande hivyo huishia kwenye mdomo wa bomba la kuvutia, mahali pabaya kuliko pote.

Mipira na chujio

Petroli ya siku hizi katika nchi nyingi ina ethanoli. Ile ya E10 ina hadi asilimia 10. Ethanoli huvimbisha na kulainisha mpira wa zamani, kisha mpira ukikauka unapasuka. Nunua mipira iliyochapwa SAE J30 R9. Ile ya R6, ingawa inauzwa kama mpira wa petroli, haikutengenezwa kwa mchanganyiko huu. Pinda kila mpira wa zamani kwa vidole: ukionyesha nyufa, au ukiacha weusi mkononi, hauna maisha. Badilisha yote kwa pamoja, hata ule mfupi kati ya kabureta mbili unaosahaulika.

Mpira unaweza kuonekana mzima kwa nje huku tabaka la ndani limebanduka na kuwa kama ulimi. Petroli inapita ikiwa kidogo. Kasi ikiongezeka, ulimi unajikunja na kuziba. Ukiukata mpira kwa urefu ndipo unapoona.

Klipu ziwe za kubana mduara wote kwa usawa, zile zenye bolti ndogo na nati. Klipu pana za skrubu zenye matundu hukata mpira mwembamba kama huu.

Chujio la kuongeza liwekwe baada ya pampu, kabla ya kabureta. Chujio laini la karatasi likiwekwa kabla ya pampu linainyima pumzi, maana SU ni pampu ya kusukuma zaidi kuliko kuvuta. Yale ya kioo yanapendeza kwa macho, lakini hupasuka na viungo vyake hulegea. Usiyaweke juu ya ekzosi.

Kufungua pampu

Platini zikiwa zimechafuka tu, fungua kifuniko cheusi cha mwisho na uvute kipande cha kadi safi katikati yake, ukirudia hadi kitoke bila alama. Zikiwa na mashimo, badilisha. Kuzisugua kwa msasa mkavu huacha mikwaruzo inayoungua upya haraka.

Vali ziko upande wa petroli, zimeshikwa na bamba lenye skrubu mbili. Visahani vyake ni vya plastiki nyembamba. Vitoe, vifute, uhakikishe havijapinda, na uvirudishe kila kimoja pale pale kilipokuwa. Kichujio kidogo cha kuingilia kiko hapo hapo.

Gari lililokaa miaka bila kutumika huwa na diaframu iliyokauka. Pampu inanguruma au inapiga kwa uvivu hata ikiwa na umeme mzuri. Ukibadilisha diaframu, chunga vigurudumu 11 vya shaba vinavyoizunguka kwenye pampu za zamani. Hudondoka ukiinamisha kasha upande usiofaa. Ondoa kwanza jani la platini. Kaza diaframu mpya ndani hadi mkono wa platini ukatae kuruka unapoisukuma. Kisha ilegeze kidogo kidogo, ukiisukuma kwa kidole gumba kila mara, mpaka mkono uanze kuruka. Kutoka hapo ilegeze hadi tundu la skrubu lililo karibu lilingane, halafu tundu nne zaidi, yaani theluthi mbili za mzunguko. Ukiishia kabla, pampu itakwama. Ukipitiliza, itapiga kwa mwendo mfupi na kutoa kidogo.

Boya na sindano yake

Petroli ikimwagika kwenye bomba la kumwagia, kosa ni la sindano ya boya, kiti chake, au boya lenyewe. Toa boya ulitikise karibu na sikio: likiwa na petroli ndani, limezama. Sindano ya chuma ikiwa na mstari wa mduara kwenye koni yake, imechakaa. Zenye ncha ya mpira mgumu hufunga vizuri zaidi. Badilisha sindano pamoja na kiti chake. Vyote viwili huuzwa pamoja kwa sababu vimekaa pamoja.

Kipimo cha HS4: geuza mfuniko juu chini, acha boya likae kwa uzito wake, na upime nafasi kati ya mkono wa boya na ukingo wa mfuniko. Iwe kati ya milimita 3.2 na 4.8, kwa hiyo biti ya kekee ya milimita 4 inafaa kabisa. Mkono wa chuma hupindwa kwa uangalifu. Boya la plastiki tupu halipindiki. Kwa hilo weka washa nyembamba chini ya kiti cha sindano, na kila washa hushusha kiwango cha petroli. Kwenye HIF4, kabureta ikiwa imegeuzwa, katikati ya boya iwe chini ya uso wa kabureta kwa milimita 1, ikipungua au kuzidi nusu.

Kama sindano mpya nayo inavuja, pima msukumo wa pampu. Pampu asilia husukuma kwa takriban paundi 3 kwa inchi ya mraba. Pampu za bei nafuu za magari mengine zinaweza kufika mara mbili ya hapo, na hakuna sindano ya SU itakayozuia msukumo huo.

Pistoni, jeti na mpini

Vua vichujio vya hewa. Inua pistoni ya kila kabureta kwa kidole hadi juu, uiachie. Lazima ishuke bila kukwama na ugonge wake usikike wazi. Isiposhuka vizuri, fungua kasha lake la juu, ukiweka alama kwanza ili lirudi upande ule ule, na usafishe pistoni na kasha kwa kitambaa chenye petroli. Usitumie msasa hata kidogo. Pistoni na kasha lake vilipimwa pamoja kiwandani, kwa hiyo usivibadilishane kati ya kabureta mbili. Tone moja la mafuta liwekwe kwenye fimbo tu. Ukuta wa pistoni unabaki mkavu.

Ikiendelea kukwama, sindano ya pistoni (si ile ya boya) imepinda au jeti haiko katikati. Bega la sindano liwe sawa na uso wa chini wa pistoni, na herufi kwenye shingo yake zilingane kwenye kabureta zote mbili: MGB za mwanzo zilitumia MB, zilizofuata 5 au FX, ndani ya jeti ya inchi 0.090. Kabureta za baadaye zenye sindano inayoegemezwa na springi hazihitaji kuwekwa katikati.

Sasa vuta choki na uirudishe huku ukitazama chini ya HS4. Jeti zote mbili lazima zipande hadi zigonge nati zake. Ikibaki moja chini hata kwa milimita moja, gari litakula mafuta, litatoa moshi mweusi na halitakaa sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga pedali), na hakuna mchanganyiko utakaolirekebisha. Isukume kwa kidole: ikipanda, kosa ni la kebo, kiungo chake au uchafu kwenye jeti.

Jeti ya HS4 hupata petroli kupitia kijibomba cha nailoni kinachoingia chini ya chemba ya boya. Kikivuja pale kinapoingia, badilisha kipete cha mpira. Ncha ya kijibomba itokeze angalau milimita 4.8 kupita kipete cha chuma, la sivyo itachomoka.

Kagua mpini wa vali ya hewa (ufito unaoshika kisahani kinachofunguka ukikanyaga pedali) kwa kuutikisa juu na chini. Ukicheza, hewa inaingia pembeni na sailensi haitatulia kamwe. Injini ikiwa inazunguka, pulizia maji kidogo kwa chupa ya kupulizia kwenye ncha ya mpini. Mzunguko ukibadilika, umethibitisha. Dawa ni kutengeneza upya matundu na kuweka bushi mpya, kazi ya fundi mwenye mashine.

Sailensi iliyokwama juu, mizunguko 1,500 au zaidi, mara nyingi hutokana na vali ndogo ya springi iliyomo kwenye kisahani cha baadhi ya kabureta za mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuendelea. Springi ikilegea inafunguka wakati haitakiwi. Weka visahani visivyo na vali hiyo.

Mwisho wa ukaguzi huu ni mafuta ya kizuizi cha pistoni. Fungua kofia ya juu na ujaze SAE 20 hadi uhisi ukinzani wakati kofia imebaki takriban milimita 6 kukaa. Yakikosekana, gari husita na kukohoa kila ukikanyaga pedali ghafla.

Kutuni

Hadi hapa kabureta zimebaki na mpangilio wake. Kama umezifungua, anza upya: pandisha nati za jeti hadi mwisho, kisha zishushe mizunguko miwili kamili, yaani pande 12 za nati. Kwa HIF4, weka jeti sawa na daraja (uso wa kabureta ulio chini ya pistoni), halafu geuza skrubu ya mchanganyiko mizunguko miwili kwa mwelekeo wa saa.

Vali za injini na muda wa cheche ziwe zimeshapimwa. Pasha injini hadi joto la kazi. Legeza vibanio vya mpini unaounganisha kabureta ili kila moja isimame peke yake. Weka mpira mwembamba sikioni, na ncha yake nyingine kwenye mdomo wa kila kabureta kwa zamu, sehemu ile ile na umbali ule ule. Sawazisha kwa skrubu za sailensi hadi mvumo ulingane na injini izunguke kati ya 750 na 850 kwa dakika.

Halafu mchanganyiko. Inua pistoni ya kabureta moja kwa milimita 0.8 tu kwa kutumia pini iliyo chini yake. Mzunguko ukipanda na kubaki juu, petroli ni nyingi: pandisha nati. Injini ikidhoofika mara moja, petroli ni kidogo: shusha nati. Ukipanda kidogo sana kisha ukarudi, umefika. Geuza upande mmoja wa nati kwa wakati mmoja, na kila mara uhakikishe jeti imefuata nati. Hamia kabureta ya pili, kisha rudi ya kwanza, kwa sababu kila moja inaathiri nyenzake. Zoezi likizidi dakika tatu, ongeza mzunguko hadi 2,500 kwa nusu dakika ili kusafisha plagi.

Kaza vibanio huku kabureta zote mbili zimefunga kabisa, na usikilize tena mvumo kwenye mizunguko 1,500. Ukitofautiana hapo ilhali kwenye sailensi unalingana, vibanio vimekazwa bila kusawazishwa.

Likigoma likiwa na joto

Gari linalozima kwenye foleni siku ya joto na kuwaka baada ya dakika 20 lina petroli inayochemka kwenye chemba za boya au kwenye mabomba. Petroli ya sasa huvukiza mapema kuliko ile ya miaka ya 1960. Hakikisha bati la kuzuia joto kati ya kabureta na ekzosi lipo, na kitambaa chake cha kukinga hakijachanika. Gasketi na vipande vya kutenga joto vyote viwepo, na bomba la petroli lisiguse kichwa cha injini. Mchanganyiko mwepesi kupita kiasi huzidisha tatizo, ndiyo maana tulimaliza kutuni kwanza.

Ukimaliza kila kitu, washa ufunguo pasipo kuwasha injini, acha pampu ijaze, na upitishe kidole kikavu kwenye kila kiungo kuanzia tangini. Endesha kilomita 20, zima, kagua tena kungali moto. Asubuhi yake, injini ikiwa baridi, rudia mara ya tatu: mipira mipya hukaa vizuri baada ya joto la kwanza, na klipu nyingi huhitaji robo mzunguko zaidi.